Herufi Moja ya Vinasaba Si Laana



Katika jumuiya zetu ndogo ndogo bado tunasikia maneno kama haya: "Yule mtoto anaumwa kwa sababu ya mambo ya kwao." Mtoto ana selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyouita ugonjwa huo. Maumivu ya mifupa yanapomshika, watu wanatafuta wa kulaumiwa, na mara nyingi anayelaumiwa ni mama. Sisi tunasema lawama hiyo haina msingi katika sayansi wala katika imani, na parokia zetu zina uwezo wa kuiondoa. Ila kwanza tuelewe kinachotokea mwilini.

Umbo la vinasaba, yaani DNA, lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, ambao walinufaika na picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin. Vinasaba vinafanana na ngazi ya kamba iliyosokotwa. Kila kipago cha ngazi hiyo kina kemikali mbili zilizoshikana: adenini hushikana na timini, sitosini hushikana na guanini. Tunaziandika kwa herufi A, T, C na G. Ngazi ikipasuliwa katikati, kila upande unatosha kuonyesha upande wa pili ulivyokuwa. Ndiyo maana seli inaweza kugawanyika na kila seli mpya ikapata maagizo kamili.

Maagizo hayo ni ya nini? Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutengeneza protini. Tufikirie kitabu cha maktaba kisichoruhusiwa kutoka nje: anayekihitaji hunakili ukurasa na kuondoka na nakala. Vinasaba hubaki ndani ya kiini cha seli, na nakala yake, iitwayo RNA, hutoka nje hadi kwenye ribosomu. Huko herufi husomwa tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu hutaja asidi amino moja, au huagiza kazi isimame. Makundi yanayowezekana ni 64, na asidi amino za kawaida ni 20. Asidi hizo huungwa moja baada ya nyingine kama punje za rozari, kisha mnyororo hujikunja na kuwa protini yenye umbo na kazi yake.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Himoglobini ni protini inayobeba oksijeni katika damu. Mmoja wa minyororo yake una asidi amino 146. Kwa mwenye selimundu, katika nafasi ya sita, maagizo yaliyopaswa kusomeka GAG yanasomeka GTG. Herufi moja imebadilika, na asidi ya glutamiki imeachia nafasi yake kwa valini. Oksijeni inapopungua, himoglobini hiyo hugandamana na kuwa nyuzi, na seli nyekundu hujipinda kama mundu. Seli hizo huziba mishipa midogo na hufa mapema. Hayo ndiyo maumivu, na hiyo ndiyo sababu ya upungufu wa damu.

Mtoto hupata ugonjwa huu anaporithi herufi hiyo kwa baba na kwa mama pia. Kwa hiyo kumlaumu mama peke yake ni kukosea hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Tuseme kila mimba, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Sivyo. Tena ubebaji wenyewe si mkosi: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo maana wako wengi katika nchi zetu.

Wapo watakaouliza kama kusema hivi ni kumwondoa Mungu. Hapana. Sheria za kurithi zilichunguzwa kwa mimea ya njegere na Gregor Mendel, padre wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyechapisha kazi yake mwaka 1866. Aristotle alitufundisha kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa na sababu za namna mbalimbali, na moja haifuti nyingine. Kwa upande mwingine, tusikubali anayesema binadamu ni vinasaba vyake tu. Mapacha wanaofanana wana vinasaba karibu vilevile, lakini ni nafsi mbili, na kila mmoja ataitika jina lake mbele za Mungu. Hadhi ya mtoto mwenye selimundu haikuandikwa kwa herufi nne, na haipungui moja ikibadilika.

Katika Yohana sura ya 9, wanafunzi walimuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa majibu yote mawili. Nasi tuyakatae.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundisho ya ndoa yaeleze kipimo cha damu cha selimundu mapema, wachumba wakiwa bado na nafasi ya kutafakari. Sheria za Kanisa hazimzuii mtu kufunga ndoa kwa sababu hiyo. Tunataka wajue, kisha waamue kwa uhuru. Pili, jumuiya ziwachangie wazazi nauli ya kliniki kama tunavyochangia misiba, na zihimize watu kutoa damu. Tatu, tumwombee mgonjwa kwa moyo wote, lakini asiwepo wa kumwambia aache dawa ili kuonyesha imani.

Kuondoa aibu hiyo hakuhitaji maabara. Kunahitaji katekista, mwenyekiti wa jumuiya na frateri wanaolisema jambo hili waziwazi, hata kabla mtoto mwingine hajalazwa.