Uyoga hautaki nailoni



Naomba nafasi niwakumbushe wasomaji wenzangu jambo moja. Sokoni uyoga mamama hufungwa kwenye nailoni, nasi tukifika nyumbani huuingiza hivyo hivyo kwenye friji. Uyoga hupumua, jasho lake likikosa pa kutokea, huoza upesi. Utoe, usiuoshe, uuweke kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye friji utakaa siku 3 hadi 5.

Juzi niliushika wangu: unateleza kama mlenda, una madoa meusi na harufu ya kuchacha. Niliumwaga wote, ingawa roho iliniuma. Ukifikia hapo, tafadhalini msiupike, maana moto hauondoi kila sumu. Asiye na friji aukaushe juani siku ileile aliyoununua.

Mama wa nyumbani,
Iringa