Kazi ya Picha na Kijana wa Shamba

Baadhi ya wazee hutuambia kwamba mtoto wa shamba atakaye kujifunza kupiga picha ametaka mchezo. Kazi kwao ni ukarani, ualimu au jembe. Sisi twaona sivyo, na ushahidi wetu twautoa mbali, nchi ya Peru.

Mwaka 1891, katika kijiji cha Coaza milimani, alizaliwa Martín Chambi, mtoto wa kabila la Quechua, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Baba yake alifanya kazi katika machimbo ya dhahabu ya kampuni ya kigeni, na huko ndiko kijana alikoiona kamera mikononi mwa wapiga picha wa kampuni. Mwaka 1908 akashika njia hata mji wa Arequipa, akawa mwanafunzi wa fundi Max T. Vargas. Hakujifunza mwezi mmoja! Ilipita miaka tisa ndipo akafungua duka lake Sicuani mwaka 1917, na mwaka 1920 akahamia Cuzco. Matajiri walimlipa kwa picha za arusi. Naye akavichukua vioo vyake vya picha mpaka vijijini, akawapiga picha watu wake mwenyewe, ambao zamani walipigwa zaidi na wageni. Yeye alisema nao kwa lugha yao.

Lakini twajua liko swali jingine moyoni mwa mzazi: je, picha si haramu? Maulamaa wamehitilafiana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kwamba picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, wala si kuumba, wengine hawakukubali. Mwenye shaka na amwulize mwanachuoni wake, asimkemee mtoto kwa jambo asilolichungua. Na habari ya mwanga upitao tunduni katika chumba cha giza si ngeni kwetu. Ibn al-Haytham wa Basra aliichungua yapata miaka elfu iliyopita.

Na mabinti je? Julia, binti wa Chambi, alifanya kazi hiyo pamoja na baba yake. Nasi twauliza: katika arusi zetu, upande wa wanawake, nani apige picha kama si mwanamke mwenzao, mwenye kuomba idhini kwanza na kuitunza picha kama amana?

Basi mzee ambaye mwanawe hushinda na kamera ya simu, ampeleke kwa fundi aliye karibu, akaulize kwanza mafunzo ni muda gani, na arusi moja hulipwa kiasi gani.