Mshahara Mnono Haukati Minyororo

Desemba 2023 mchezaji wa besiboli Shohei Ohtani alitia saini mkataba wa dola milioni 700 kwa miaka 10 na klabu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani. Tangu hapo, kila linapozuka suala la haki za wachezaji wa mchezo huo hutokea mtu, mara nyingi msomi, akabeza: hawa nao ni wafanyakazi? Mamilionea wananyonywa na nani? Hoja hiyo ina sura ya busara, lakini kwa hakika ni hoja ya mabwana. Inapima haki ya mtu kwa uzito wa mfuko wake, na kulikwepa swali ambalo mtumishi yeyote mwenye akili hujiuliza anapopewa mkataba: je, naweza kuondoka?

Kwa karibu miaka mia moja jibu lilikuwa hapana. Mwaka 1879 wenye klabu walikubaliana kwa siri kwamba kila klabu ijiwekee wachezaji watano ambao klabu nyingine isingewagusa. Baadaye kifungu hicho kikawafunga wachezaji wote. Mkataba uliandikwa kuwa wa mwaka mmoja, lakini ulipokwisha klabu iliweza kuurefusha peke yake, mwaka baada ya mwaka, mpaka mchezaji achoke au auzwe. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba sheria za kuzuia ukiritimba hazikuuhusu mchezo huo. Mabepari wanaolihubiri soko huria usiku na mchana walijipatia mahali ambapo soko la kazi halikuwa huria hata chembe!

Oktoba 1969 klabu ya St. Louis Cardinals ilimhamishia Philadelphia Curt Flood, aliyeitumikia kwa miaka 12. Hakuulizwa. Ndugu wasomaji, ninyi watumishi wa serikali na walimu mnaujua uhamisho na machungu yake. Lakini mtumishi wa umma huhamishwa na mwajiri yule yule kwa ajili ya kazi ya umma. Flood alibadilishwa baina ya matajiri wawili, kama ng'ombe mnadani. Alikuwa akilipwa dola 90,000 kwa mwaka, fedha nyingi siku zile. Alipoulizwa katika televisheni analalamikia nini na mshahara kama huo, Mmarekani mweusi huyo alijibu kwamba mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Akaenda mahakamani. Katika wachezaji waliokuwa bado kazini hakuja hata mmoja kumtolea ushahidi. Waliokuja ni wastaafu, akiwemo Jackie Robinson. Juni 1972 Mahakama ya Juu ikamkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Wakati huo alikwisha acha kucheza.

Kilichowakomboa wenzake ni chama chao cha wafanyakazi. Marvin Miller, mchumi aliyetoka katika chama cha wafanyakazi wa chuma, alikiongoza chama cha wachezaji tangu 1966, na mwaka 1970 akakipatia haki ya kupeleka malalamiko kwa msuluhishi asiyekuwa mtu wa matajiri. Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba klabu yaweza kurefusha mkataba mara moja tu, basi. Wenye klabu walimwachisha kazi papo hapo. Mamilioni ya Ohtani yamepita katika mlango uliofunguliwa siku ile, wala hayakutokana na ukarimu wa tajiri yeyote.

Lakini mlango huo haukufunguliwa kwa chipukizi. Aingiaye ligi kuu hana budi kutumikia miaka 6 kabla ya kuwa huru kujichagulia mwajiri, na mwaka huhesabiwa kwa siku 172. Mwaka 2015 Kris Bryant wa Chicago Cubs aliwapita wote kwa mapigo katika mechi za majaribio, na bado klabu ilimbakiza ligi ndogo siku za mwanzo wa msimu, eti arekebishe udakaji wake. Alipoitwa, zilikuwa zimebaki siku 171. Siku moja! Kwa siku hiyo moja klabu ilijipatia mwaka mzima wa kazi yake, ingawa alichaguliwa kuwa chipukizi bora wa mwaka. Alilalamika, na mwaka 2020 akashindwa.

Naye huyo alifika ligi kuu. Wengi huishia ligi ndogo. Mwaka 2018 Bunge la Marekani, katika sheria ya bajeti yenye kurasa zaidi ya 2,000, lilipenyeza kifungu cha kuwanyima wachezaji hao malipo ya saa za ziada, na kuyaacha mazoezi ya kabla ya msimu bila kima cha chini cha mshahara. Hata mwaka 2022, kiwango cha chini katika ngazi ya mwisho kilikuwa dola 4,800 kwa mwaka. Mwaka huo walijiunga na chama. Mwaka 2023 mkataba wao wa kwanza wa pamoja ukapandisha kiwango hicho hadi dola 19,800. Anayetafuta mamilionea awatafute kwanza katika orodha hiyo ya mishahara.