Kampiga Mama, Mtoto Hajaguswa? Acheni Hizo!

Mastaa wakiachana na kugombania mtoto, timu ya baba haikosi kusema: "Alimpiga mama tu, mtoto hajamgusa." Hoja mbovu! Mtoto anayejificha chumbani akisikia mama analia, naye kaumizwa. Hapa Bongo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza kumpiga mwenzi, na kwenye suala la nani akae na mtoto inaitaka mahakama itangulize ustawi wake, siyo magari wala umaarufu wa mzazi.

Ila machozi ya Instagram pekee hayatoshi. Kinachosaidia ni PF3, taarifa ya dawati la jinsia, jirani aliyeshuhudia. Mama anayeambiwa "nyamaza, utamharibia jina" anafika kortini mikono mitupu, na mtoto anaweza kukabidhiwa kwa mwenye ngumi. Wadau, mnaonaje?