Mtoto wa muziki si mbumbumbu

Naomba nitoe maoni yangu juu ya tabia yetu, walimu na wazazi, ya kuwaita wajinga watoto wenye kipaji cha muziki kwa sababu tu hesabu zinawashinda.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha alikuwapo mvulana ambaye kila muhula alishika mkia. Lakini akija mgeni wa serikali, ni huyo huyo aliyeitwa kupiga ngoma na kuongoza kwaya. Wimbo mrefu aliushika kwa kuusikia mara mbili tu, na mwenzake akikosea pigo alimrudisha kwa jicho. Wageni walipiga makofi, kesho yake akaitwa tena mbumbumbu. Aliposhindwa mtihani wa darasa la saba, hakuna aliyeuliza habari za ngoma yake.

Ndugu Mhariri, kukumbuka, kupima muda, kutofautisha sauti zinazokaribiana na kutunga jambo jipya, kama si akili ni nini? Mwaka 1983 mtaalamu wa Marekani, Howard Gardner, aliandika kuwa akili ni za aina nyingi, na ya muziki ni mojawapo. Wapo wataalamu wanaompinga. Mimi sigombanii jina. Nataka mtoto aheshimiwe.

Hata bila wataalamu hao, mifano tunayo nyumbani. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaandika kitabu cha maisha yake. Hukwe Zawose wa Ugogo alijifunza zeze na marimba kwao, si darasani. Aliunda ala zake mwenyewe, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na kabla ya kufariki mwaka 2003 alikuwa ameufikisha muziki wa Kigogo Ulaya na Marekani. Kuunda marimba si mchezo: chuma kirefu hutoa sauti nene, kifupi sauti nyembamba, na fundi akikosea kidogo tu ala haiimbi. Hizo ni hesabu za vipimo!

Sisemi muziki uwe kisingizio cha kukimbia masomo. Mwanamuziki asiyejua kusoma atatia dole gumba kwenye mkataba asioufahamu, na jasho lake litaliwa na wengine. Nasema tumfundishe kusoma bila kumdharau.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Ombi langu ni kwamba kipindi hicho kisigeuzwe cha hesabu mitihani inapokaribia. Pia wazee wanaojua kuunda na kupiga ngoma vijijini waalikwe shuleni, na ripoti ya mzazi itaje kipaji cha mtoto, si nafasi aliyoshika tu.

Hapa Saza tunaishi na machimbo ya dhahabu. Mchimbaji halitupi jiwe kwa kuwa halimeti kwa nje. Hulipeleka karashani kwanza. Walimu wenzangu, tusishindwe na mchimbaji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Saza, Songwe.