Ngome ya Mbao, Lifti, na Hili Neno "Halisi"

Haya wasomaji wangu, leo tunaweka kando habari za simu na programu, tunakwenda Japani kuangalia ngome za kale. Msinikimbie! Mtaona wenyewe kwamba mwisho wa safari ni mambo yetu yale yale ya kila siku.

Kazi ilinipeleka huko kwa majuma matatu, na kila siku ya mapumziko nilikuwa ndani ya treni naelekea ngome nyingine. Mkenya akisikia neno ngome anafikiria Fort Jesus, kuta nene na mizinga. Ngome ya Kijapani ni kitu kingine kabisa. Chini kuna msingi wa mawe makubwa yaliyopangwa bila saruji, umezungukwa na handaki, mara nyingi la maji. Juu yake umesimama mnara wa mbao, mara nyingi umepigwa lipu ya chokaa nyeupe, paa juu ya paa. Mnara huo mkuu wanauita tenshu.

Zamani ngome zilikuwa nyingi mno. Mwaka 1615 ilitoka amri kwamba kila eneo libaki na ngome moja tu. Mwaka 1873 serikali mpya ikaamua nyingi ya zilizobaki zivunjwe au ziuzwe. Halafu yakaja mabomu ya 1945. Leo minara mikuu iliyosimama tangu enzi za wale watawala wa kale ni 12 tu nchi nzima.

Sasa zile nyingine zote mnazoziona kwenye kalenda ni nini? Hapo ndipo utamu ulipo. Nyingine zimejengwa upya kwa saruji na vyuma, nyingine kwa mbao, nyingine zimeachwa magofu. Na kila unapofika utamsikia mtalii akimnong'oneza mwenzake: je, hii ni ya kweli?

Mimi nasema swali hilo linatupotosha. Na si upotoshaji mdogo, maana kuna mji mmoja ambako neno "halisi" limetumiwa kuwafungia watu mlango. Tutafika huko. Kwanza tuangalie mifano.

Anza na Osaka. Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga mwaka 1583, ikateketezwa vitani 1615. Ukoo wa Tokugawa ukajenga nyingine juu ya msingi mpya, na mnara wake ukapigwa na radi na kuungua mwaka 1665. Kwa zaidi ya miaka 260 hapakuwa na mnara! Huu uliopo ulijengwa 1931 kwa saruji na vyuma, kwa michango ya wananchi. Msingi ni wa Tokugawa, sura imeigwa zaidi ile ya Toyotomi, ndani ni makumbusho yenye lifti. Fundi wa programu angesema ni matoleo mawili yaliyochanganywa na kuandikwa upya kwa lugha ya tatu. Watu wanaucheka, eti ni wa bandia. Lakini fanyeni hesabu: mnara wa Toyotomi haukudumu hata miaka 35, wa Tokugawa haukufika 45, na huu "wa bandia" umepita 90 na ulinusurika mabomu ya 1945. Mwaka 1997 wenyewe ukaandikishwa kuwa mali ya utamaduni. Nakala imekuwa asili.

Himeji je? Huo ndio mfalme wa zile 12. Mnara ulikamilika 1609, na mwaka 1993 ngome ikaingia orodha ya Urithi wa Dunia. Huo hakuna anayethubutu kuuita bandia. Lakini kati ya 1956 na 1964 mnara mzima ulifunguliwa kipande kwa kipande na kuunganishwa tena. Moja ya nguzo zake kuu mbili, zinazopanda karibu mita 25 kutoka chini hadi karibu na paa, ilikuwa imeoza ikabadilishwa yote. Na kwa kuwa ardhi ilikuwa inadidimia, chini ya mnara waliweka msingi mpya wa saruji. Naam, saruji, Himeji! Kisha 2009 hadi 2015 wakaurudia tena, vigae na chokaa.

Je, Himeji si halisi? Ni halisi sana. Kila mwenye kutunza programu ya miaka mingi anajua jambo hili. Unarekebisha mstari huu leo, ule kesho, baada ya miaka kumi hakuna mstari uliobaki kama ulivyoandikwa mara ya kwanza, na bado wateja wanaiita kwa jina lile lile, na wako sahihi. Kinachofanya kitu kibaki kile kile si kwamba hakijaguswa. Ni kwamba kila mguso umeandikwa, na anayekuja kesho anaweza kusoma nini kilibadilishwa na kwa nini.

Tazameni kinachotokea pasipo na maandishi. Oda Nobunaga alijenga Azuchi kuanzia 1576, na mnara ukakamilika 1579, wa ajabu kuliko yote ya wakati wake. Mwaka 1582 Nobunaga aliuawa, na siku chache baadaye mnara ukaungua. Picha iliyochorwa ya ngome hiyo ilipelekwa Roma ikakabidhiwa kwa Papa mwaka 1585, na tangu hapo imepotea. Leo unapanda ngazi ndefu za mawe, unafika juu, unakuta mawe ya msingi yamejipanga kwenye majani, basi. Wataalamu wamechora sura kadhaa za mnara ule na hazikubaliani. Nilikaa pale karibu saa nzima na sikutamani mtu ajenge chochote. Msimbo umepotea, hakuna cha kurudisha, na kuyaacha mawe yaseme yenyewe ndiyo heshima.

Nagoya ni kinyume chake. Mnara wake, kazi ya Tokugawa Ieyasu, ulikamilika 1612. Mwaka 1930 ngome hiyo ikatangazwa hazina ya taifa, na kuanzia 1932 wapimaji wakaanza kuipima kila pembe. Tarehe 14 Mei 1945 ikaungua kwa mabomu, lakini michoro zaidi ya 300 na mamia ya picha za vioo havikuungua. Nakala ya akiba iliokoka! Mwaka 1959 wakajenga mnara wa saruji, nje sura ile ile, ndani lifti. Mei 2018 ukafungwa kwa sababu hauna nguvu ya kuhimili tetemeko kubwa. Mpango wa jiji ukawa kuubomoa na kujenga tena kwa mbao, kama ulivyokuwa 1612, kwa gharama iliyotajwa kufika yeni bilioni 50.5.

Mpaka hapo mimi nashangilia. Tatizo ni hili. Mwaka 2018 jiji lilisema mnara mpya wa mbao hautakuwa na lifti, kwa sababu ule wa zamani haukuwa nayo. Watu wenye ulemavu wakapinga, na wana haki. Mwaka 2022 jiji likachagua teknolojia ya lifti ndogo isiyohitaji kukata mihimili mikuu, likasema itafika angalau orofa ya kwanza. Orofa ya kwanza, katika jengo la orofa tano! Juni 2023, kwenye mkutano wa wananchi kuhusu jambo hilo, mtu anayetumia kiti cha magurudumu alitolewa maneno ya kibaguzi mbele ya maafisa, na baadaye jiji likaomba radhi.

Hebu tulitafakari hili kwa utulivu, bila matusi.

Wanaopinga lifti wana hoja moja nzito: ukianza kuongeza vitu vya kisasa, utaishia wapi? Kazi ya kujenga upya ni kurudisha kilichokuwepo, si kubuni. Naiheshimu hoja hii. Lakini mnara huo mpya hautakuwa wa 1612 hata wakiondoa lifti. Lazima uwe na vifaa vya kuzima moto, umeme, njia za kutorokea, uimarishaji dhidi ya tetemeko. Hakuna anayesema vitu hivyo vinaharibu uhalisi. Na wala asiseme! Kasri ya Shuri kule Okinawa, jengo la mbao lililojengwa upya na kumalizika 1992, liliungua usiku mmoja wa Oktoba 2019, na ndani yake hapakuwa na vinyunyizio vya maji. Walipopanga kulijenga tena waliviweka kwenye mpango. Kwa hiyo uhalisi tumekwisha kuupunguza kwa ajili ya usalama wa mbao. Inakuwaje ugeuke kitu kitakatifu tunapofika kwenye miguu ya watu?

Jambo la pili. Ngazi zile zilikuwa kali kwa sababu hili lilikuwa jengo la vita. Nilikwenda Matsumoto, moja ya zile 12, pamoja na mwenzangu wa kazi anayetumia kiti cha magurudumu. Ngazi yake kali kuliko zote ina mwinuko wa nyuzi 61, mimi mwenyewe nilipanda kwa mikono na magoti. Yeye alibaki bustanini, na hakulalamika. Mbao zile ni za karne ya 16, nani atazitoboa? Lakini Osaka alipanda kwa lifti hadi orofa ya 8, akaniita dirishani nione mji. Tofauti iko hapo. Matsumoto tumerithi, hatuna ruhusa ya kuikata. Nagoya mpya bado ni michoro. Jengo ambalo halijajengwa haliwezi kusema "ndivyo nilivyozaliwa." Wewe ndiye unayeamua litakavyozaliwa.

Jambo la tatu, na hili linatuhusu sisi wa kompyuta. Wapo wanaosema wasioweza kupanda wapewe miwani ya kuonyesha picha za ndani, wakae chini waone kila kitu. Mimi ni mpenzi mkubwa wa vifaa hivyo. Kule Azuchi, ambako mnara haupo, picha ya kompyuta inampa kila mgeni kitu kimoja, mwenye miguu na asiye nayo. Pale Nagoya ingekuwa wenzako wako juu na upepo, wewe uko chini na miwani. Teknolojia ikitumika kueleza kwa nini mtu hakualikwa, hiyo si maendeleo.

Na msiniambie haiwezekani. Kumamoto iliharibiwa na matetemeko ya Aprili 2016, kuta za mawe zikaporomoka. Mawe yaliyoanguka yalipewa namba, na programu ya kompyuta ikasaidia kuyalinganisha na picha za kabla ya tetemeko ili kila jiwe lirudi mahali pake. Kazi hiyo yote inatarajiwa kumalizika 2052. Watu wenye subira ya namna hiyo hawakuona shida kuufungua mnara wao wa saruji mwaka 2021 ukiwa na lifti. Hata Nagoya kwenyewe, hatua chache kutoka mnara uliofungwa, kuna jumba la mtawala lililojengwa upya kwa mbao na kukamilika 2018, na wageni wa viti vya magurudumu wanaingia. Sijasikia dhahabu ya kutani ikibanduka kwa sababu yao.

Msimamo wangu basi ni huu. Jengeni kwa mbao, fuateni ile michoro hadi msumari wa mwisho. Kisha wekeni lifti hadi juu, na pembeni yake bandikeni kibao: hii ni ya karne ya 21, 1612 haikuwepo, tumeiweka kwa sababu hii na hii. Mtaalamu atasoma na kuridhika, maana hakudanganywa. Anayekuja baada ya miaka mia ataweza kuiondoa akitaka. Na bibi wa miaka 85 atafika dirishani.

Ngome ilijengwa ili watu wasiingie. Kazi hiyo ilikwisha zamani, na adui hayupo tena langoni. Aliyebaki nje sasa ni mwananchi aliyelipa kodi ya kuijenga.

Tafakarini hilo, tuonane juma lijalo tukirudi kwenye programu zetu. Na kabla ya hapo, kila mwenye tovuti ajaribu kuitumia bila kipanya na bila kuangalia kioo, aone ngazi zake zina mwinuko wa nyuzi ngapi.