UIGIZAJI SI KIMBILIO LA WALIOSHINDWA

Kuna dhana iliyozagaa shuleni ati anayependa drama ni yule aliyelemewa na hesabu. Hata wazazi wengine huuliza, "Kwani utakula jukwaa?" Mimi napinga vikali! Shahidi wangu ni Glenda Jackson wa Uingereza.

Mama huyu alizaliwa mwaka wa 1936 mjini Birkenhead, babake akiwa mwashi. Aliacha shule mapema, akafanya kazi katika duka la dawa la Boots kwa miaka miwili. Najua wengine watadakia, "Si tulisema? Alishindwa na masomo!" Ngojeni kidogo. Mwaka wa 1954 alipata ufadhili wa kusomea uigizaji katika chuo cha RADA, London. Kumbe uigizaji nao una chuo na walimu wake! Na hata baada ya chuo, alihangaika sana kabla ya jina lake kuvuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mwaka wa 1971 aliigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza katika mchezo wa televisheni ya BBC, *Elizabeth R*. Alikubali kunyolewa nywele za mbele ili afanane na malkia. Jameni, nani kati yetu angekubali? Katika filamu nako alinyakua tuzo mbili za Oscar.

Halafu mwaka wa 1992 alichaguliwa kuwa mbunge, na baadaye akawa waziri mdogo wa uchukuzi. Mtauliza, kama uigizaji ni kazi ya maana, mbona aliuacha? Nami nauliza, mbona aliurudia? Alitoka bungeni mwaka wa 2015. Mwaka uliofuata, nyanya wa miaka 80, akapanda jukwaa la Old Vic kuigiza Mfalme Lear. Kukariri maneno yote yale katika umri huo si mzaha! Aliaga dunia mwaka wa 2023 akiwa na miaka 87.

Wala nisieleweke vibaya. Simwambii mtu atoroke prepu akisingizia mazoezi. La hasha! Mvivu wa darasani atakuwa mvivu wa jukwaani pia. Ninachoomba ni kwamba drama ipewe nafasi yake katika ratiba, isiwe ya kusukumwa kila mitihani inapokaribia. Nanyi waigizaji wenzangu, tukitaka kazi yetu iheshimiwe, tuanze kuiheshimu sisi wenyewe. Au sivyo?